Uume Ukianza Kupinda: Namna ya Kuzipima Tiba za Ugonjwa wa Peyronie

Mjini Babati mwanamume akivunjika mguu, majirani, ndugu na wenzake wa kijiweni hufika kumjulia hali siku hiyohiyo. Uume wake ukianza kupinda, hamwambii mtu. Anazima taa mapema, anasingizia uchovu wa shamba, na baada ya miezi michache mkewe anaanza kuhisi kwamba yuko mwanamke mwingine. Ukimya huo huwapeleka wengi pabaya: kwa muuzaji wa kwanza anayewaahidi kupona ndani ya siku 7, au hospitalini wakati fedha za mavuno zimeshakwisha.

Hali hiyo inafahamika kitabibu kama ugonjwa wa Peyronie. Jina limetokana na François Gigot de la Peyronie, daktari wa upasuaji wa Mfalme Louis XV wa Ufaransa, aliyeueleza mwaka 1743. Tiba aliyoipendekeza ilikuwa maji ya chemchemi za Barèges, katika milima ya Pyrenees. Tangu wakati huo vimekuja vidonge, sindano, mashine na upasuaji wa aina kadhaa, lakini haijapatikana tiba moja inayomfaa kila mgonjwa. Kila tiba humpa mgonjwa kitu na humnyang'anya kitu. Mwenye kuchagua vizuri ni yule aliyeelezwa yote mawili kabla hajatoa hata shilingi.

Kinachotokea ndani

Ndani ya uume mna mirija miwili inayojaa damu uume unaposimama. Mirija hiyo imezungushiwa ala imara inayotanuka kwa kipimo. Katika ugonjwa wa Peyronie, sehemu ya ala hiyo hufanya kovu gumu. Fundi baiskeli yeyote anaweza kuonyesha jambo linalofanana na hilo: mpira wa ndani wenye kiraka kikubwa ukijazwa upepo, upande wa kiraka hukataa kutanuka, na mpira hujikunja kuelekea upande huo. Uume nao hupindia penye kovu, mara nyingi kwenda juu, wakati mwingine chini au pembeni. Wapo wanaopata mbonyeo katikati, kama kiuno, na sehemu ya mbele ikawa legelege. Wengi huona pia kwamba umefupika.

Madaktari wengi wanaamini kovu hilo huanzia kwenye majeraha madogo ya wakati wa tendo la ndoa, mengine madogo kiasi kwamba mhusika hana kumbukumbu nayo. Kwa wanaume wengi majeraha hayo hupona bila alama. Kwa wachache hayaponi sawasawa. Urithi una nafasi yake, ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wana pia ugonjwa wa Dupuytren, ambao hukaza nyuzi za kiganja hadi vidole vikakunjika. Kisukari kinahusishwa na Peyronie, na hali kadhalika upasuaji wa kuondoa tezi dume yenye saratani. Wagonjwa wengi huwa na umri wa miaka 50 na zaidi, ingawa vijana nao huupata. Tafiti za nchi mbalimbali zinatofautiana sana, lakini nyingi zinataja wanaume kati ya 3 na 9 katika kila 100. Kwa vyovyote vile, mwanamume anayeficha tatizo hili Babati hayuko peke yake.

Ugonjwa huu si saratani wala haugeuki kuwa saratani. Haumwambukizi mke. Si laana, si kurogwa, na si adhabu ya jambo alilolifanya mtu ujanani. Aliyezaliwa na uume uliopinda, akauona hivyo tangu balehe bila maumivu wala kovu, ana hali nyingine yenye maelezo yake.

Ugonjwa unaotembea na ugonjwa uliotulia

Kabla ya kuuliza habari ya dawa, mgonjwa na daktari wanapaswa kujua ugonjwa umefika hatua gani, kwa sababu tiba inayofaa leo huenda ingemdhuru miezi 6 iliyopita.

Hatua ya kwanza ni ya ugonjwa unaotembea. Uume huuma, hasa unaposimama, kovu linaendelea kujengeka, na pembe ya mwezi huu si ya mwezi uliopita. Hatua hiyo kwa kawaida huchukua kati ya miezi 6 na 18. Ya pili ni ya ugonjwa uliotulia: maumivu yamekwisha au yamebaki kidogo, na pembe haijabadilika kwa miezi 3 hadi 6 mfululizo. Upasuaji wa kunyoosha husubiri hatua ya pili. Ukifanywa mapema, kovu linaweza kuendelea na safari yake na kuupinda upya uume ambao umeshashonwa.

Na asiyetibiwa kabisa, anaishia wapi? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwafuatilia kwa mwaka mmoja au zaidi wanaume ambao hawakupewa tiba yoyote. Katika kila 100, pembe ilipungua yenyewe kwa 12 hivi, ikabaki ilivyo kwa 40, na ikaongezeka kwa 48. Maumivu yalikwisha kwa karibu wanaume 9 kati ya 10.

Takwimu hizo zinafaa kukumbukwa kila mara mtu anapoletewa ushuhuda wa dawa. Wanaume 100 wakinywa mizizi yoyote ile, au wakinywa maji ya bomba, mwaka ukiisha wengi wao watasema maumivu yamekoma, na 12 watasema uume umenyooka kiasi. Hawadanganyi. Wanachokosea ni kuisifu dawa kwa kazi iliyofanywa na mwili pamoja na muda.

Hata sindano ya kitaalamu ilipopimwa, jambo hilohilo lilijitokeza. Wanaume 832 waliingizwa kwenye majaribio mawili makubwa ya dawa ya kolajenesi, na baadhi yao wakachomwa sindano isiyo na dawa ndani bila wao kujua. Waliopata dawa walipungukiwa na pembe kwa wastani wa digrii 17. Waliochomwa sindano tupu nao walipungukiwa na digrii 9.

Watu wa kaskazini mwa Tanzania wana kumbukumbu ya karibu ya nguvu za ushuhuda. Mwaka 2011 maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Waliorudi wakisimulia walivyopona walisikika hadi nchi jirani. Walioacha dawa za hospitali na kuzidiwa hawakupata wa kuwasikiliza. Kwa ugonjwa kama wa Peyronie, ambao maumivu yake hukoma yenyewe, pengo kati ya sauti hizo mbili huwa kubwa zaidi.

Maswali matatu na kipimapembe

Uamuzi wote unasimama juu ya maswali matatu. Je, pembe bado inabadilika? Je, inazuia tendo la ndoa, au inamuumiza mke? Na je, uume unasimama imara, mbali na huko kupinda? Majibu yake hayahitaji mashine ya gharama, na mengi yanaweza kukusanywa nyumbani.

Uume ukiwa umelala, daktari hawezi kuiona pembe. Ndiyo maana wataalamu humwomba mgonjwa picha mbili zilizopigwa nyumbani uume ukiwa umesimama kabisa, moja kutoka juu na nyingine kutoka ubavuni, uso usionekane. Picha hizo zikae kwenye simu yenye neno la siri na zionyeshwe ndani ya chumba cha daktari tu, bila kutumwa kwa mtu. Asiyetaka picha achukue karatasi, achore mstari unaofuata uume ulivyo, kisha apime pembe kwa kipimapembe kutoka kwenye mkebe wa hisabati wa mwanafunzi. Chini ya mchoro aandike tarehe. Akirudia kila mwezi, michoro minne au mitano itamweleza daktari kama ugonjwa unatembea au umetulia, na itaweza kumwokolea mgonjwa safari nzima ya kwenda na kurudi.

Apime pia urefu akiwa amelala, uume ukivutwa taratibu, kwa rula ya kawaida kutoka kwenye mfupa wa kinena. Wagonjwa wengi huilaumu tiba kwa ufupi ulioletwa na ugonjwa wenyewe, na kipimo cha mwanzo humaliza ubishi huo.

Kutotibu ni chaguo halali

Mwanamume mwenye pembe ya digrii 20, asiye na maumivu, ambaye yeye na mkewe wanaendelea na tendo la ndoa bila taabu, hadaiwi tiba na mtu yeyote. Anachohitaji ni kuthibitishiwa na daktari kwamba ni Peyronie, kupima sukari na presha, na kurudi pembe ikiongezeka. Wapo wanaotoka kwa daktari wamepona hofu tu, na hiyo ndiyo waliyokuwa wakiugua. Kwa kundi hili, fedha inayopelekwa kwenye chupa na vidonge inapotea bure.

Vidonge: gharama ndogo, faida ndogo zaidi

Vitamini E imekuwa ikitolewa kwa ugonjwa huu tangu miaka ya 1940, na hadi leo kuna wanaoandikiwa. Mwaka 2015 Chama cha Madaktari wa Urolojia cha Marekani kilitoa mwongozo unaowataka madaktari wasiitoe kwa ajili ya kunyoosha uume, pamoja na tamoksifeni na mafuta ya omega-3, kwa kuwa majaribio hayakuonyesha faida. Vidonge vya kutuliza maumivu vina kazi yake katika hatua ya kwanza, lakini kazi hiyo ni ya maumivu tu. Mwenye vidonda vya tumbo au matatizo ya figo asivinywe bila kumwambia daktari.

Sildenafil na tadalafil, ambazo mitaani hujulikana kama dawa za nguvu za kiume, haziondoi kovu. Zinaweza kumsaidia mgonjwa ambaye uume hausimami vizuri, na daktari huziandika mara nyingi kwa sababu hiyo. Anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti asizitumie kabisa, maana presha inaweza kushuka ghafla hadi kumuua. Hatari hiyo ipo pia kwenye unga na mitishamba ya kuongeza nguvu: mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi sildenafil iliyofichwa ndani ya bidhaa zilizotangazwa kuwa za asili tupu. Mgonjwa wa moyo anayelamba unga huo hajui anachokinywa.

Kuvuta, kuchoma, kupiga mawimbi

Vifaa vya kuvuta uume taratibu vinadai uvumilivu kuliko kitu kingine. Vya zamani vilitakiwa kuvaliwa saa nyingi kila siku, na wengi walishindwa. Jaribio la kifaa kipya kilichobuniwa Mayo Clinic, Marekani, lililochapishwa mwaka 2019, lilitumia dakika 30 hadi 90 kwa siku. Baada ya miezi 3 waliokitumia walipungukiwa na pembe kwa wastani wa digrii 12 hivi na kuongezeka urefu kwa sentimita 1.5. Si mabadiliko makubwa, lakini ni tiba isiyokata mwili, na ni miongoni mwa chache zinazorudisha urefu badala ya kuupunguza. Kujitengenezea cha kwake kwa kamba, mpira au jiwe ni hatari: uume uliokabwa unaweza kufa kwa kukosa damu.

Sindano huchomwa ndani ya kovu lenyewe. Kolajenesi, kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzi za kovu, iliidhinishwa Marekani Desemba 2013 kwa wanaume wenye kovu linaloshikika na pembe ya digrii 30 au zaidi. Hutolewa kwa mizunguko isiyozidi 4, kila mmoja una sindano 2, na katikati mgonjwa huunyoosha uume kwa mikono kama alivyofundishwa. Bei yake ni maelfu ya dola, na Ulaya iliondolewa sokoni mwaka 2020 kwa sababu za kibiashara. Hatari yake kubwa ni ala kupasuka, jambo lililowapata karibu watu 5 katika kila 1,000 waliochomwa. Zipo sindano za bei nafuu zaidi, kama verapamil, dawa ya presha ya siku nyingi, lakini ushahidi wake unayumba: majaribio mengine yanaonyesha nafuu, mengine hayaonyeshi. Anayepewa ushauri wa verapamil ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi.

Mashine za mawimbi ya mshtuko zinatangazwa sana mijini. Mwongozo uleule wa 2015 unasema zinaweza kutumika kupunguza maumivu, lakini zisitolewe kwa lengo la kunyoosha. Kwa kuwa maumivu hukoma yenyewe kwa wengi, mgonjwa ana sababu ya kuuliza analipia nini hasa.

Upasuaji: njia tatu, hasara tatu

Kwa ambaye ugonjwa wake umetulia na hawezi tendo la ndoa, upasuaji ndio tiba yenye matokeo ya uhakika kuliko zote. Hapa ndipo kupima faida na hasara kunapokuwa kuzito zaidi.

Njia ya kwanza ni kushona upande usio na kovu, ule mrefu, ili ulingane na upande uliokazwa. Mwanzo wake ni upasuaji alioueleza Reed Nesbit wa Marekani mwaka 1965. Hufaa kwa pembe isiyozidi digrii 60 na uume unaosimama vizuri. Wengi hunyooka, na nguvu za kiume kwa kawaida hubaki. Hasara yake ni urefu: sentimita 1 au zaidi, kadiri pembe ilivyokuwa kubwa. Mgonjwa anaweza pia kuhisi vifundo vya nyuzi chini ya ngozi kwa muda mrefu. Kwa mwanamume aliyetahiriwa, daktari mara nyingi hupitia kwenye kovu la tohara, kwa hiyo alama mpya haionekani sana.

Njia ya pili ni kulikata kovu lenyewe na kuziba nafasi kwa kipande cha mshipa wa mguuni au tishu nyingine iliyoandaliwa. Hutumika pembe inapozidi digrii 60, au uume ukiwa na kile kiuno cha katikati. Huhifadhi urefu zaidi, lakini kuna hatari kubwa zaidi ya uume kukosa kusimama imara baadaye, na ya kichwa cha uume kufa ganzi. Mwenye nguvu pungufu kabla ya upasuaji si mtu wa njia hii.

Njia ya tatu ni kupandikiza kifaa ndani ya uume. Humlenga mwenye matatizo mawili kwa pamoja: umepinda, na hausimami hata kwa dawa. Kipo cha vijiti vinavyokunjika kwa mkono, na kipo cha kujazwa maji kwa pampu ndogo inayokaa ndani ya mfuko wa korodani. Wakati kifaa kinawekwa, daktari anaweza kuunyoosha uume palepale. Kwa mtu wa Babati njia hii si habari ya ughaibuni: mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilitangaza kwamba imeanza kuwapandikizia wagonjwa vifaa hivyo. Anayekubali ajue kwamba hakuna kurudi nyuma, kwa kuwa tishu za asili za kusimamisha uume huharibiwa ili kifaa kipate nafasi. Maambukizi yakiingia, kifaa hutolewa. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa ashushe sukari kwanza.

Tuseme wapo wanaume wawili, wote wana pembe ya digrii 50. Mmoja ana miaka 45, ni mkulima wa mpunga Magugu, sukari yake iko sawa na uume unasimama vizuri. Wa pili ana miaka 62, ameishi na kisukari miaka 15, na uume hausimami hata akimeza dawa. Kipimapembe kinawaweka pamoja, lakini tiba inawatenganisha. Wa kwanza anaweza kushonwa na kukubali kupoteza sentimita, au kuanza na kifaa cha kuvuta akiona urefu ni muhimu zaidi kwake. Wa pili akishonwa atabaki na uume ulionyooka usiosimama, kwa hiyo mazungumzo yake na daktari yanaanzia kwenye kifaa cha kupandikiza, au kwenye kuacha upasuaji kabisa na kutafuta na mkewe njia nyingine za ukaribu.

Kutoka Babati hadi kwa bingwa

Safari inaanzia karibu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara iko hapahapa, na wakazi wa Dareda au Mbulu wana hospitali za misheni jirani nao. Pale mapokezi mgonjwa hana haja ya kujieleza mbele ya foleni. Inatosha kusema, "Shikamoo daktari, nina shida ya mfumo wa mkojo, naomba tuzungumze faragha," na ana haki ya kuomba ahudumiwe na daktari wa kiume. Hapo atapimwa sukari na presha, ataguswa kovu lilipo, na viganja vyake vitaangaliwa. Daktari pia atahakikisha kwamba si kitu kingine: kidonda kisichopona au nyama inayoota kwenye uume inahitaji kuchunguzwa haraka kwa sababu ya saratani.

Barua ya rufaa ikiandikwa, kuna njia mbili za karibu. Moja ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayofundisha mabingwa wa urolojia, kilomita 250 hivi kwa basi kupitia Arusha. Nyingine ni Benjamin Mkapa, umbali usiotofautiana sana, kwa barabara ya lami inayopita Kondoa. Mwenye bima aulize kabla ya kuondoka kama kadi yake inalipia upasuaji anaotarajia, kifaa, na kipimo cha ultrasaundi. Gharama ahesabu zote: nauli ya watu wawili, malazi, dawa za kununua nje, na siku za shamba au duka zitakazopotea.

Kwenye mfuko abebe michoro au picha zenye tarehe, kumbukumbu za sukari, na dawa zote anazotumia, pamoja na za mganga. Daktari hatamgombeza kwa mizizi, lakini anahitaji kuijua kabla ya kumpa dawa ya usingizi. Bingwa anaweza kumchoma sindano ya kusimamisha uume ili aone pembe na mtiririko wa damu. Ukiendelea kusimama zaidi ya saa 4, arudi hospitali usiku huohuo.

Maswali ya kumuuliza bingwa si mengi. Ugonjwa wangu umetulia? Kwa njia unayonishauri nitapoteza urefu kiasi gani, na nguvu zangu ziko hatarini kiasi gani? Wewe mwenyewe umeshawafanyia wangapi? Upasuaji ukishindikana, hatua inayofuata ni ipi? Daktari mzuri huyajibu bila kukasirika. Asiyetaka kuyajibu amempa mgonjwa sababu ya kutafuta maoni ya daktari wa pili.

Mke awepo katika mazungumzo hayo, mumewe akiridhia. Yeye ndiye ajuaye kama pembe inamuumiza, na mara nyingi urefu unaomkosesha mume usingizi haumsumbui yeye hata kidogo. Wanandoa walioamua pamoja hawatupiani lawama matokeo yakiwa pungufu ya walivyotarajia. Msongo wa mawazo ni mkubwa kwa wagonjwa hawa: katika utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2008, karibu nusu yao walikuwa na dalili za sonona. Anayekosa usingizi, anayejitenga na watu, au anayefikiria kujidhuru amwambie daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa hilo nalo lina tiba.

Jambo moja halisubiri rufaa wala michoro. Mlio kama wa kitu kukatika wakati wa tendo la ndoa, ukifuatwa na maumivu makali, uume kulala ghafla, kuvimba na kuwa mweusi, ni dalili ya ala kupasuka. Huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Akishonwa mapema, anapunguza uwezekano wa kurudi baadaye na kovu la Peyronie.

Aliyefanyiwa upasuaji wa kunyoosha hukaa wiki 6 hivi bila tendo la ndoa, hufuata mazoezi ya kuunyoosha kama alivyoelekezwa, na hurudi kuonekana. Safari hiyo ya pili ndiyo wengi huikosa, kwa sababu nauli imekwisha au palizi imeanza. Kwa hiyo apange zote mbili kwa pamoja tangu mwanzo: tarehe ya kurudi, fedha yake pembeni, namba ya simu ya kliniki, na mtu wa kusimamia shamba au duka kwa siku hizo mbili tatu atakazokuwa Moshi au Dodoma.